Mashine Imesema Sina Uso

Leeds, Uingereza

Kwa Mama, kwa Shosho, kwa Anko wa Lanet, na kwa yeyote atakayekuwa sebuleni barua hii ikisomwa,

Mimi mzima wa afya, ila baridi ya huku na mimi bado hatujaelewana. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu habari hii ikienda kwa simu itamfikia Anko kwanza, na ikitoka kwa Anko itaingia mtaani Free Area ikisema nimefukuzwa Uingereza. Sijafukuzwa. Nabadilisha pasipoti tu. Pasipoti inataka picha, na picha ndiyo iliyonitoa jasho katikati ya Februari.

Kwanza tuondoe lile lililomchanganya Mama. Nilisema Jumatano nitakuwa London, naye akanijibu vizuri sana, basi nipitie kwa jirani nichukue sufuria yetu. Mama, nilimaanisha London ya huku. Yetu ya Nakuru, ile ya jaa la Gioto, sijaisahau. Tatizo ni kwamba huku nikisema nimelelewa London watu hunyamaza wakingoja nimalizie, na nikimalizia hucheka. Kuna mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi aliyetaka kujua London yetu ina mto gani. Nikamwambia haina mto. Ina korongo wa jaani wenye vipara, warefu kuliko watoto wa nasari, na mgongoni mwake ina Menengai, mlima uliobomoka katikati ukabaki shimo. Akafikiri kidogo, akasema, “Yenu ni bora.”

Sasa pasipoti. Anko atauliza haraka ya nini ilhali yangu inaisha mwaka ujao. Anko ndiye mtu wa mwisho duniani kuuliza swali hilo. Mnakumbuka pasipoti za kielektroniki zilipozinduliwa mwishoni mwa Agosti 2017. Mimi nilichukua yangu mapema, hii ya samawati. Anko akasema yake ya zamani bado ina kurasa. Serikali ikatangaza za zamani zitakoma Agosti 2019, Anko akatulia. Ikasogeza hadi Machi 2020. Anko akatuita sebuleni kutuambia alijua. Ikasogeza tena, na tena, na kila mara tukaitwa sebuleni, mpaka mwisho wa Novemba 2022 zilipokoma kweli. Katika muda wote huo Anko hakuvuka hata mpaka wa Namanga, lakini pasipoti aliilinda.

Mimi siwezi kungoja hivyo. Pasipoti yetu imeandikwa miaka kumi, lakini nchi nyingi haziruhusu uingie ikiwa imebakisha chini ya miezi sita, kwa hiyo ukweli ni kwamba umelipia miaka tisa na nusu. Halafu kuna jambo la ukaazi. Zamani nilikuwa na kadi yangu ya ukaazi ninaiweka mkobani, naishika, naiona. Kadi hizo zilifika mwisho tarehe 31 Desemba 2024. Sasa haki yangu ya kukaa huku iko ndani ya intaneti, imefungwa kwenye namba ya pasipoti, na nikipata pasipoti mpya yanipasa kuwaarifu waifunge upya kwenye namba mpya. Shosho, fikiria umeuziwa ng'ombe usiyeruhusiwa kumwona, umepewa namba yake tu, na kila ukitaka maziwa unaomba kwa kompyuta. Ndivyo ninavyoishi.

Fomu haikunisumbua. Unaijaza eCitizen, unaichapisha, unaambatisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti ya zamani, na jina la mtu wa kukudhamini kwamba anakujua. Binamu wa Kaptembwo ndiye aliyekubali kunidhamini. Akaniuliza kama kudhamini huku kuna malipo. Nikamwambia malipo yake ni heshima. Alikaa kimya muda mrefu kidogo kabla ya kutuma nakala ya kitambulisho.

Tatizo ni picha.

Najua Mama atasema picha ni picha. Mama, zamani ilikuwa hivyo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia pasipoti nyingi hazikuwa na picha kabisa. Halafu mwaka 1914 akatokea jasusi wa Kijerumani, Carl Hans Lody, akazunguka Uingereza na pasipoti ya Mmarekani mwingine kabisa, na kwa kuwa pasipoti haikuwa na sura, sura yoyote iliitosha. Walimkamata na kumpiga risasi mle ndani ya Mnara wa London Novemba mwaka huo huo. Baada ya hapo picha zikawa lazima. Hata hivyo Waingereza hawakuiamini picha peke yake. Pasipoti zao za 1915 zilikuwa pia na nafasi ya kueleza kwa maneno paji la uso, pua, mdomo na kidevu cha mwenyewe. Natamani utaratibu huo ungerudi, kazi hiyo wapewe Mama na Shosho. Paji la uso: la Guka. Kidevu: cha ukaidi. Pua: ya upande wa baba, waulizwe wenyewe. Ofisa yeyote wa uwanja wa ndege angenitambua kutoka mbali.

Lakini siku hizi kuna masharti, na masharti yenyewe yanasimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, makao yake Montreal kule Kanada. Usicheke. Usikunje uso. Mdomo ufungwe. Macho yaonekane yote mawili. Kivuli kisiwepo usoni wala nyuma yako. Kwa vipimo vya huku picha iwe na upana wa milimita 35 na urefu wa 45, na kichwa chenyewe, kuanzia utosini hadi kidevuni, kisipungue milimita 29 wala kisizidi 34. Wamarekani wao wanataka mraba wa inchi mbili kwa mbili, na tangu Novemba 2016 hawataki miwani. Kichwa cha mtu mmoja, kila nchi na rula yake.

Huku picha za pasipoti hupigwa na sanduku. Linasimama mlangoni mwa supamaketi karibu na vitoroli, na lina pazia fupi linalokuficha kichwa na kuiacha miguu nje, ili wapitao wakujue kwa viatu. Unaingia, unalipa, unazungusha kiti kipande au kishuke mpaka macho yako yafike kwenye mstari wa kioo. Kisha mwanamke asiyeonekana anaanza kukuamrisha.

Anko, wewe unayependa historia, aliyebuni sanduku hili ni kijana mhamiaji kutoka Urusi, Anatol Josepho. Alilifungua Broadway, New York, mwaka 1925: senti 25, picha nane. Watu walipanga foleni hata akauza haki zake miaka miwili baadaye kwa dola milioni moja. Milioni moja, na hadi leo kiti hakina mahali pa kuegemea.

Basi nikakaa. Nilivaa blauzi ya zambarau, nywele nimezibana, uso nimeupaka mafuta kidogo usije ukaaibisha ukoo. Yule mwanamke akasema: “Uso haujapatikana.”

Nikatazama kwenye kioo. Nilikuwemo.

Akasema nisogee mbele. Nikasogea. “Uso haujapatikana.” Nikarudi nyuma, nikainua kiti, nikashusha kiti, nikazungushwa na kiti mpaka nikatazamana na pazia. Mwishowe uso ukapatikana, nikashukuru Mungu, na hapo hapo akasema nifumbue macho. Mama, yalikuwa wazi hata nikaanza kutoa machozi. Nikayafumbua yakafika pale yanapofika tukiona bili ya stima. Akaridhika na macho, akahamia mdomoni: funga mdomo. Mdomo huu ni wako, Mama, wewe ndiye uliyenipa, na ulikuwa umefungwa. Nikaubana. Akasema nisikunje uso. Nikamjibu. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, na ajuza mmoja aliyekuwa nje na kitoroli chake akachungulia chini ya pazia: “Uko salama humo, mpenzi?” Watu wa Yorkshire humwita kila mtu mpenzi, msianze kuniuliza maswali.

Picha zilizotoka zilikuwa za mwanamke anayetafutwa na polisi wa nchi mbili. Pesa sanduku lilibaki nazo.

Nilipowasimulia wenzangu kazini, wale weupe walidhani natia chumvi. Wale weusi hawakushangaa. Jambo lenyewe limechunguzwa. Mwaka 2020 BBC walichukua picha zaidi ya elfu moja za wanasiasa wa nchi mbalimbali wakazipitisha kwenye programu ya serikali ya huku, ile inayokagua picha za wanaoomba pasipoti ya Uingereza mtandaoni. Wanawake weusi waliambiwa picha zao ni mbovu mara 22 katika kila mia; wanaume weupe mara 9. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imefichuka kwamba wenye programu walijua tangu mwanzo inahangaika na ngozi nyeusi, wakaona inatosha hivyo hivyo, wakaiwasha. Na si sisi peke yetu. New Zealand, mwaka 2016, mashine ya pasipoti ilimwambia mtu wa asili ya Kiasia kwamba amefumba macho. Alikuwa ameyafungua, ni macho yake tu.

Mnaona sasa kilichonikera. Sanduku kukosea ningelisamehe, maana hata binadamu hukosea. Hili lilikosea kisha likanielekeza mimi nijirekebishe. Inama, fumbua, funga. Muda wote lilisema kwa upole uleule kwamba kasoro ni ya uso wangu, na mtu akiambiwa hivyo kwa upole mara kadhaa huanza kuamini. Nilitoka pale nikijitazama kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa.

Ndipo nikamkumbuka fundi wetu wa picha pale karibu na Kenyatta Avenue, ngazi za juu, mlango wenye pazia la shanga. Mnakumbuka koti lake? Koti moja jeusi la wanaume, kubwa, limening'inia msumarini pamoja na tai iliyokwisha kufungwa. Kila aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho, ya shule, ya kazi, ya mkopo wa SACCO, alilivaa. Nakuru imejaa watu wa makabila arobaini na kitu waliopigwa picha ndani ya koti moja. Mjomba mmoja alikutana na bosi wake mpya kwenye mahojiano ya kazi, akaiona picha ya bosi huyo ukutani, akalitambua koti kabla ya kumtambua mtu.

Lakini yule fundi alijua kazi. Hakukupiga picha saa sita, alikwambia urudi jua likiinama. Alikugeuza kidogo kuelekea dirishani. Na kabla ya kubofya alikupakatisha kartoni jeupe mapajani, bila wewe kujua ni la nini. Lilikuwa la kurudisha mwanga usoni kutoka chini, ili macho yasizame na kidevu kisipotee shingoni. Filamu alizotumia hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miaka mingi maabara za picha duniani zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mzungu, yeye akitoka vizuri basi kazi imekwisha. Fundi wetu hakuwa na kadi. Alikuwa na kartoni na macho, na Shosho katika picha ya kitambulisho chake anaonekana Shosho.

Huku nikajaribu duka lingine, la dawa, lenye kona ya picha. Kijana mpole, ana simu kubwa ya duka. Akanisimamisha mbele ya turubai jeupe linalong'aa, akapiga. Turubai lilitoka vizuri sana. Mimi nilitoka tundu. Akaomba radhi, akabonyeza kitu cha kuongeza mwanga, nikatoka rangi ya majivu. Akabonyeza tena, nikawa nusu Mhindi. Akaniuliza ninapenda ipi. Nikamwambia ninapenda ile itakayoniwezesha kurudi nchini mwenu nikitoka kumzika mtu. Akacheka, akanirudishia hela bila ubishi, na hilo nalisema kwa haki yake.

Aliyeniokoa ni mzee wa Kighana, Harehills. Harehills ni mtaa wa huku Leeds ambako ukizunguka kona unakuta viazi vikuu, ndizi za kupika, samaki mkavu na nywele za kusukia katika duka moja. Mzee huyu anauza vyote hivyo, na nyuma ya magunia ya mchele ana kiti, shuka jeupe lililopigwa pasi, na kamera halisi. Hakuuliza ninataka ya nchi gani. Alinitazama kwanza. Alinitazama sana, nikaanza kuona haya, akasema, “Kidevu chini, binti yangu, hapana ugomvi hapa.” Akanigeuza kuelekea dirishani. Kisha akainama, akachomoa kutoka nyuma ya gunia kartoni jeupe, akaniwekea mapajani.

Nilicheka hata picha ya kwanza ikaharibika. Nikamuuliza amejifunza wapi. Kumasi, akasema, kwa mjomba wake, zama za filamu, na nilipomsimulia fundi wa Nakuru akatikisa kichwa kwa heshima, ya fundi kwa fundi. Ghana haikukosa walimu. Accra ilikuwa na James Barnor, aliyefungua studio yake mwanzoni mwa miaka ya 1950 na baadaye akaja kupiga picha London hii ya huku. Nilitoka dukani na picha zangu, na viazi vikuu, kwa sababu mzee haachi mtu aondoke na picha pekee.

Mama, nimetoka vizuri. Nimetoka mtu wa watu. Nakala moja naiambatisha uiweke kabatini, usimpe Anko.

Jumatano ikafika, nikapanda basi la alfajiri hadi London, nikashuka Victoria, nikaingia treni ya chini ya ardhi hadi Oxford Circus, kisha miguu. Ubalozi wetu uko Portland Place, namba 45. Kabla hujafika unapita jengo la BBC, na hapo Guka angesimama. Idhaa ya Kiswahili ilianza kurusha matangazo mwaka 1957, na sijui kama kuna jioni Guka aliwahi kuikosa, redio sikioni, mkono juu kutunyamazisha. Mtangazaji akisema London, sisi watoto tuligeuka kutazama dirishani upande wa Gioto. Guka hakuwahi kutusahihisha.

Ndani nilikuta Kenya. Nilimkuta mama wa Mombasa anayejua utaratibu kuliko wenye ofisi, na kijana wa Eldoret aliyekuja na faili nne kwa ajili ya fomu moja. Kulikuwa na mzee anayeuliza kila mtu kama mvua imenyesha Molo. Na kulikuwa na mtoto mchanga, wiki chache tu duniani, naye pia anatakiwa picha: macho wazi, mdomo umefungwa, bila mkono wa mtu kuonekana. Mama yake alituonyesha mfululizo wa picha zake kwenye simu. Katika zote mtoto analala, analia, au anapiga miayo, isipokuwa moja ambayo ametazama kamera moja kwa moja kwa dharau kubwa. Tulipiga makofi.

Zamu yangu ilipofika nikaweka karatasi zangu mezani, na juu yake picha za mzee wa Harehills, nikizisogeza kidogo ili dada wa mezani azione vizuri. Akazibana kwenye fomu bila kuzitazama. Kisha akasema, “Haya dada, tazama hapa,” nikageuka kutazama ni wapi hapo, na kamera ndogo iliyokuwa mezani ikawa imeshanipiga.

Nikauliza hiyo ni ya nini.

“Ya pasipoti.”

Na hizi?

“Za faili.”

Ndiyo, wapendwa. Picha inayoingia ndani ya kitabu ni ile wanayokupiga pale pale, pamoja na alama za vidole. Zile za mzee wa Harehills zitakaa kabatini zikiwa nzuri peke yao. Dada akanigeuzia kioo niione. Nimetoka na uso wa mtu anayeuliza “wapi?”, na uso huo nitauonyesha viwanja vya ndege kwa miaka kumi. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama ninaonekana. Akanitazama mimi, kisha kioo, akasema, “Unaonekana vizuri, dada. Ni wewe.” Mtu mwenye macho alisema hivyo, nami sikudai zaidi.

Vidole ndivyo vilivyochelewa. Kazi yangu ni kunawa mikono tangu asubuhi hadi jioni, na sabuni imenisugua alama hata kioo cha kusomea vidole kikawa hakioni kitu. Nikavipaka mafuta, nikavipangusa, nikavibonyeza tena. Shosho atanielewa, kwa sababu hata yeye mashine za uchaguzi huvikataa vidole vyake. Miaka ya kuchuma pareto kule Molo ilivilainisha vikawa bila maandishi.

Nikiwa nimebonyeza kidole gumba pale nilimfikiria babake Guka, aliyekuwa kibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro. Hakuna picha yake hata moja ulimwenguni, lakini serikali ilikuwa na alama za vidole vyake. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 akatakiwa kutembea na karatasi yenye alama zake, ndani ya kijisanduku cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kwenda kuajiriwa kwingine. Kutoka Njoro hadi Naivasha mtu alihitaji zaidi ya ninavyohitaji mimi kutoka Leeds hadi Lanet. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa mojawapo ya mambo aliyoyapinga, na watu waliokwenda kudai aachiliwe walipigwa risasi barabarani Nairobi. Leo Katiba ya 2010, Ibara ya 12, inasema kila raia ana haki ya kupewa pasipoti. Ni haki yako, haiombwi kwa kupiga magoti. Gumba langu likakubali.

Wenzangu wananiuliza kwa nini sichukui pasipoti ya huku, maana Katiba hiyo hiyo inaruhusu uraia wa nchi mbili. Pengine nitachukua. Lakini mnajua ni programu gani itakayokagua picha yangu.

Sasa tuje kwenu. Mama, umesema unataka kuja kiangazi, kwa hiyo anza leo. Mwaka 2023 mashine za kuchapa pasipoti zilipozidiwa kule Nyayo House, Nairobi, na vitabu vikapungua, maombi yalirundikana kwa maelfu na kuna watu walikosa kazi za Ughaibuni wakingoja. Hali imetengenezwa tangu hapo, lakini wewe usijaribu bahati. Huna haja ya kupanda matatu ya saa kumi usiku kwenda Nairobi. Alama za vidole zinachukuliwa hapo hapo Nakuru mjini. Beba cheti cha kuzaliwa, chenyewe na nakala. Najua chako kinasema ulizaliwa tarehe 1 Januari, pamoja na nusu ya watu wa Subukia. Usianze kumweleza ofisa historia yake, kiache hivyo hivyo. Beba kitambulisho. Tafuta wa kukudhamini, na asiwe Anko, atasogeza tarehe.

Picha kapige kwa fundi yule yule wa ngazi za juu. Za faili ndizo, ndiyo, lakini faili nayo ina haki ya kukuona. Koti lake likataliwe kwa heshima. Na ukifika kwenye kamera ya ofisini, tazama mbele kabla hujaambiwa utazame.

Ada ilipandishwa mwaka 2024, kutoka kama elfu nne na mia tano hadi shilingi 7,500 kwa kitabu cha kurasa 34. Nitazituma Ijumaa kwa M-Pesa. Zinalipwa kwenye eCitizen, kwa simu, ukiwa umekaa nyumbani. Mtu yeyote atakayekusogelea mlangoni mwa ofisi akisema ana mtu wake wa ndani atakayeziharakisha, msalimie na umpite.

Wenu,
Binti yenu wa Leeds